Mapigo Matatu Niliyokunyima

Mpendwa Baba Zaina,

Wiki ijayo wanakuja kubomoa nyumba. Mfereji unapanuliwa, na alama nyekundu imeshapakwa ukutani, palepale ulipokuwa ukiegemeza baiskeli yako. Zaina amekuja kutoka Kisumu kunichukua. Tangu juzi anafunga vyombo vyangu kwa magazeti huku akinung'unika kwamba nina masufuria mengi kuliko hoteli. Mwanao amerithi ulimi wangu, pole kwa mumewe. Kila kitu humu ndani kimekubali kufungwa isipokuwa ringi yako ya lori. Iko vilevile mlangoni, inaning'inia kwenye nguzo ya chuma uliyoichomelea kwa mikono yako, na mimi siwezi kuiacha wala siwezi kuondoka nayo. Sababu unaijua, kwa kuwa sheria uliitunga wewe.

Barua za kichwani nimekuandikia nyingi, nikiwa jikoni, nikiwa sokoni Kalerwe, nikiwa juu ya msala. Hii ndiyo ya kwanza kwenye karatasi, na nimeamua isifungwe kwenye bahasha. Anayetaka na aisome. Watu wa Ndoo, wale wazima moto wako wa mtaani, hawakuwahi kuwa na daftari, na wachache waliobaki wana haki ya kujua jambo moja ambalo mimi na wewe tu tulilijua. Wewe uliondoka nalo mchana uleule. Mimi nimeishi nalo.

Lakini ngoja nianze na pipa la Nalongo, maana ukianza na kilio unamaliza machozi kabla ya habari.

Nalongo alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa mapacha, mpika pombe ya waragi, mwanamke mwenye mikono ya kubeba gunia. Ile saa nane ya mchana pipa lake lilipopasuka, moto uliruka kutoka jikoni kwake hadi kwenye paa la mafunjo la jirani kabla mtu hajamaliza kupiga yowe. Nyumba nne zilikwenda. Gari la zimamoto lilikuja kutoka mjini, haki ya Mungu lilikuja, lakini mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na mtaa wetu, Bwaise, ni Bwaise. Magurudumu yalizama kwenye tope hadi nusu. Tukaacha nyumba zinaungua, tukaenda kulisukuma gari la kuzima moto. Nakuona mpaka leo ulivyotoka pale, tope hadi kwenye nyusi, unacheka peke yako watu wanalia. Ukaniambia, "Mama Zaina, maji yanatuingilia hadi kitandani, halafu tunaungua kwa kukosa maji." Nilikukasirikia kwa kicheko kile. Sikujua kwamba ndani yake ulikuwa umeshaamua jambo.

Siku chache baadaye ulirudi kutoka gereji ya Kisenyi ukiwa unavingirisha ringi ya lori njia nzima, baiskeli mkono mmoja, ringi mkono mwingine, watoto wanakufuata. Nilisimama mlangoni nikasema waume wa wenzangu wakitoka kazini wanaleta nyama. Ukajibu kwamba nyama huliwa mara moja. Ukaisimika nguzo mbele ya mlango wangu bila kuniomba ruhusa, ukatundika ringi kwa mnyororo, ukanikabidhi nyundo. Kwa nini mimi? Hukuniambia nina busara wala nina macho makali. Ulisema mimi niko hapa mlangoni kutwa nzima na sigiri yangu ya mkaa na kikaango, na kwamba nina mkono mzito. Ndivyo nilivyopata cheo.

Aliyetufundisha kazi alikuwa Afande Ochen, yule askari polisi mstaafu, Mwacholi, aliyejenga kwenye ukingo wa kinamasi pamoja na mama yake mzazi. Yule mama tulimwita Jjajja, kama nyanya wa kila mtu. Afande alitupanga mistari miwili kuanzia kisimani: mmoja wa kupandisha ndoo zilizojaa, mwingine wa kurudisha zilizo tupu. Alitembea katikati akiwa na kifimbo chake na Kiswahili chake cha kambini: "Hapana kimbia. Ukikimbia, namwaga. Ukimwaga, moto nacheka." Mpaka leo nikibeba maji nasikia sauti ile, natembea taratibu. Nalongo alitaka tujiite kikosi. Ukakataa palepale. Ukasema neno hilo lina wenyewe, na wenyewe wana bunduki, sisi tuitwe Watu wa Ndoo. Chifu wa mtaa naye alikubali kwa masharti, tusivae sare, tusifanye mikutano, tusiandike majina. Siku zile watu watano wakisimama pamoja walionekana wanapanga kitu.

Sheria zetu zote zilizaliwa na makosa. Idadi ya mapigo ilizaliwa siku watu walipokimbia huku na huku wakigongana na ndoo zao. Ukaamua pigo moja, halafu kimya, halafu moja tena, ni upande wa Kalerwe. Mawili ni barabara ya Bombo. Matatu ni upande wa kinamasi. Sheria ya kutokwenda pasipoitwa na ringi ililetwa na wezi, waliopiga kelele za moto wa uongo ili tuache nyumba wazi. Kuanzia hapo tukakubaliana kwamba mdomo wa mtu unaweza kudanganya lakini ringi haidanganyi. Ulilisema neno hilo mbele ya wote ukiwa umeshika bega langu.

Na ile ya kugusa ililetwa na Nalongo. Tulizima moto wa fundi cherehani, tukarudi tunajisifu, kila mtu kwake. Jioni mapacha wakaja kuuliza mama yao yuko wapi. Tukamkuta nyuma ya jiko la fundi, moshi ulimwangusha, hakuna aliyekuwa ametambua kwamba hayupo. Alipozinduka alitutukana kwa lugha tatu. Kesho yake ukatangaza kwamba kila anayekwenda motoni lazima arudi aguse ringi kwa kiganja, nami mpigaji nisiondoke pale mpaka wa mwisho aguse. Nilipenda sana saa ile ya kuguswa. Mnarudi mmoja mmoja, mnanuka moshi, mnatania, viganja vyeusi vinapiga chuma pa, pa, nami nahesabu. Wewe ulikuwa wa mwisho kila mara. Ulikuwa unagusa ringi halafu unagusa na shavu langu kwa mkono uleule, unaniachia masizi, na mimi najifanya nimeudhika.

Miaka ile ilikuwa inazidi kuwa mibaya, wewe na mimi tukiwa tunazungumza kwa macho. Sukari ilikuwa hadithi. Sabuni ilikatwa vipande kama halua. Watu walikuwa wakiondoka nyumbani asubuhi na jina lao linabaki kuwa la kunong'onezwa. Tulijifunza kuinamisha uso gari fulani likipita, na kutouliza jirani ameenda wapi. Lakini moto ulipowaka tulitoka. Mganda, Mluhya, Mlugbara, Mwacholi, mlevi na muadhini, wote mstari mmoja, ndoo inapita mkono kwa mkono. Sijui kama ulilijua hilo, lakini ulikuwa umetupa mahali pekee ambapo tuliruhusiwa kukusanyika.

Sasa nifike.

Siku ile hamkuwa na kazi gereji kwa sababu gesi ya kuchomelea ilikuwa imekwisha mji mzima. Mlikwenda na wanaume kuchimba mtaro kando ya barabara ya Bombo, ule wa kila mwaka. Mimi nilikuwa nakaanga kabalagala, unga wa muhogo na ndizi mbivu, kwa kuwa ndizi hazihitaji sukari. Baada ya adhuhuri yakapita magari mawili ya jeshi mbele ya mlango, yakaelekea kinamasini. Nikainamisha uso kwenye kikaango. Nilijua yanakwenda wapi. Afande Ochen alikuwa hajaonekana siku tatu, tangu ndugu yake achukuliwe na wanajeshi akiwa kazini, na sisi sote tulikuwa tunaomba awe ameshavuka mpaka. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimempelekea Jjajja uji. Alikuwa peke yake, miguu imevimba, hatembei bila ya kushika ukuta.

Halafu nikaona moshi. Moshi wa mafunjo, mweupe kwanza halafu wa njano, kwenye ukingo wa kinamasi.

Nilishika nyundo. Mkono ulipanda kwa ajili ya matatu, Baba Zaina, naapa ulipanda kwa ajili ya matatu. Nikakuona kichwani mwangu unakimbia na ndoo yako yenye mistari miwili myeupe, wa kwanza kama kawaida yako, unawakuta askari wamesimama wanautazama moto wao. Nikapiga moja. Nikanyamaza. Nikapiga moja tena. Upande wa Kalerwe.

Nimejaribu miaka yote kujipa sababu nzuri. Nilijiambia niliwaokoa watu kumi na watano. Si kweli, sikuwafikiria kumi na watano. Nilikufikiria wewe. Na sitaki mtu aseme sikumkumbuka Jjajja, nilimkumbuka, kikombe chake cha uji nilikuwa nacho mkononi asubuhi ileile. Nilimweka yeye upande mmoja na wewe upande wa pili nikakuchagua wewe. Mke gani hatafanya hivyo? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi na halijawahi kunipa usingizi.

Mlipita mbio na ndoo zenu kuelekea Kalerwe. Nilikuona mgongo. Na hata kabla hamjapotea machoni, yale magari mawili yakarudi. Yalipita mbele yangu polepole, askari mmoja amekaa nyuma anakula muwa. Walikuwa wamewasha na kuondoka. Hawakungoja hata paa lianguke.

Hapo ndipo lilipo kosa la pili, na ndilo linaloniuma zaidi. La kwanza lilikuwa hofu, na hofu mtu husamehewa. Lakini magari yalikuwa yamepita, nyundo nilikuwa nayo mkononi, njia ilikuwa wazi. Ningepiga matatu mngegeuka. Sikupiga. Niliona aibu. Nilifikiri, nikipiga matatu sasa, kila mtu atajua kwamba lile moja lilikuwa la uongo, na wewe uliyesema ringi haidanganyi utasikia mkeo ameifanya idanganye. Nilisimama pale nikachoma kabalagala zangu hadi zikawa makaa, kwa ajili ya aibu.

Mliporudi mlikuwa mmekasirika. Wauza mboga walikuwa wamewacheka. Mkasimama mbele ya nguzo, na kutoka pale wote mliuona moshi wa kinamasini, sasa mweusi. Mliziona na alama za matairi ya magari ya jeshi kwenye tope. Ndoo zikawekwa chini. Kisha mmoja wenu, simtaji, ameshatangulia mbele ya haki, akasema ringi haijatuita huko. Wengine wakaitika kwa kichwa. Ilikuwa sheria, na siku ile sheria ilikuwa na huruma kwao. Wakagusa mmoja mmoja, bila utani, wakaenda nyumbani kwao upesi. Nilisikia milango inafungwa. Niliwaelewa wote. Ni mimi niliyewapa ruhusa.

Ukabaki wewe. Ulitazama moshi, ukanitazama mimi, ukaitazama nyundo. Hukupandisha sauti. Laiti ungenipigia kelele. Ulisema, "Mkono umeteleza tu."

Nikakuambia usiende. Nadhani nilisema mara nyingi. Ukaweka kiganja chako kwenye ringi ili kufunga mwito wa Kalerwe kama inavyotakiwa, ukaniambia, "Nikirudi nitagusa tena." Shavu langu hukuligusa. Pengine ulisahau, pengine ulikuwa na hasira kidogo. Hilo nalo nimelifikiri sana kuliko inavyofaa. Ukajaza ndoo kwenye pipa letu ukaondoka, na ukawa unatembea. Hukukimbia, maji yasije yakamwagika.

Yaliyofuata nimeyajua kwa mdomo wa Jjajja. Alifika mlangoni kwangu kabla ya magharibi, akiwa ameshika kuta za watu nyumba kwa nyumba, nywele zimeungua upande mmoja, na ndoo yako mkononi. Alisema ulivunja dirisha ukamtoa mgongoni, ukamlaza kwenye mafunjo mabichi ukamfunika gunia lililolowa. Halafu ukarudi kuupiga moto wa jikoni usije ukarukia nyumba ya pili. Ulikuwa peke yako, unajaza ndoo kinamasini na kurudi. Ndipo wakaja watu wawili wa usalama, wale wenye mashati ya maua na viatu vya visigino virefu. Walikuwa wameachwa nyuma wamekaa kwenye kivuli wanaangalia nani atakuja.

Nilimwomba anieleze neno kwa neno. Jjajja hakuwa na Kiswahili kingi, alikuwa na kile cha mwanawe cha kambini, lakini alinieleza mara tatu bila kubadilisha. "Wao nauliza, nani natuma wewe? Yeye nasema, hakuna mutu natuma mimi. Wao napiga yeye. Wao nauliza tena. Yeye nasema tu, hakuna."

Wakakutia kwenye buti la gari. Ndoo ikabaki imesimama.

Unaona ulichonifanyia? Kama ningekuwa nimepiga matatu, wangeuliza nani amekutuma, na kila mtu Bwaise anajua jibu. Ringi ilisikika mtaa mzima. Wangekuja mlangoni kwangu. Lakini ringi ilikuita Kalerwe, kwa hiyo uliposema hakuna aliyekutuma, ulisema kweli tupu. Uongo wangu uliutumia kunifichia. Halafu najiuliza upande wa pili, na hapa ndipo kichwa kinapozunguka: kama ningepiga matatu mngekuwa kumi na watano pale. Wale walikuwa wawili. Wangewachukua wote? Wangethubutu? Au wangeondoka kimya kimya na mashati yao ya maua? Sijui. Hakuna wa kuniambia. Nilitaka usiwe pale, nikafanya uwe pale peke yako.

Nilikutafuta. Nilizunguka kila geti ambalo watu waliniambia nizunguke, na Zaina mgongoni. Kila mahali walisema hawakujui. Kwenye geti moja askari kijana, tena mpole, alinisogelea wenzake walipogeuka. "Mama, rudi nyumbani," akasema. "Wewe ina mutoto." Nikamshukuru. Mpaka nafika njiani ndipo nikaelewa alichokuwa akiniambia.

Jjajja alikaa kwetu, akalala kitanda kimoja na Zaina, na Zaina akajifunza Kiacholi kabla ya kujua kuhesabu. Watu wa Ndoo waliendelea, nisiwasemee vibaya. Nilipiga ringi tena mara kadhaa, kila mara hesabu ya haki. Walikuja, wachache zaidi kila mwaka. Walizima, walirudi, waligusa, na wa mwisho akishagusa alinitazama aone kama nitaingia ndani. Sikuingia. Walijifunza kuniacha hapo na kiti changu. Hivyo ndivyo Watu wa Ndoo walivyokufa, kama unataka historia yao. Hakuna aliyewafuta wala kuwavunja. Ila mtu akija kugusa anaona mke wa mwenzake ameketi anasubiri, na mwisho haji tena.

Serikali ile ilipoanguka, na wale askari wa Kiswahili laini walipoingia mjini, magereza yalifunguliwa. Nilikwenda. Niliwatazama usoni wote waliotoka, mmoja mmoja, kama nilivyokuwa nikiwahesabu nyinyi. Kisha nikarudi nikaketi.

Mwaka huohuo Afande Ochen alirudi kutoka uhamishoni akiwa na mvi kichwa kizima. Alimkuta mama yake hai mlangoni kwangu, anachambua maharage. Ule ulikuwa wakati wa furaha, na nilifurahi, sikudanganyi. Halafu akageuka akasimama mbele ya nguzo yako kama askari, akagusa ringi kwa kiganja, akanishika mikono yangu yote miwili. Alinishukuru. Alisema anajua kwamba siku ile kila mtu aliogopa, lakini mimi nilipiga, na ndiyo maana mama yake anaishi. Nilipokea shukrani za mtu ambaye nilimwacha mama yake aungue. Waliondoka kwenda kwao Gulu na sikuwaona tena, na Jjajja alizikwa huko kwa heshima zake.

Shehe wa msikiti aliniita siku moja, akaniambia kwa upole kwamba miaka imetosha, nikae eda, nikuombee dua ya waliotangulia. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia eda ni ya aliyefiwa, na mimi sijafiwa, mimi niko kazini. Nilimwomba radhi baadaye, lakini eda sikukaa. Ningekaaje ndani wakati kuna mmoja hajagusa?

Siku hizi moto ukiwaka wanatoa simu mfukoni. Vijana hapa mtaani wanaiona ringi ni chuma chakavu, na mnunuzi wa chuma chakavu ananisalimia kwa adabu kuliko wajukuu wa jirani. Wa zamani hapa mtaani tumebaki mimi na Nalongo. Amekuwa mwembamba, mguu mmoja haufai, lakini ulimi bado anao. Kila asubuhi ananipigia kelele kutoka ng'ambo ya ukuta kuuliza kama nimekufa.

Leo asubuhi, baada ya Zaina kwenda kutafuta gari la mizigo, nilichukua nyundo. Imefungwa kitambaa pale mpini ulipopasuka. Nilisimama mahali pangu. Mkono ukapanda, na safari hii nikauacha ufanye ulichotaka kufanya siku ile. Nikapiga matatu. Nikanyamaza. Nikapiga matatu tena. Sauti yake haijazeeka, Baba Zaina. Vichwa vya vijana vilitokeza madirishani. Mama mmoja mgeni aliuliza kama shule imefunguliwa mtaani.

Kisha nikasikia mguu unaburuzwa. Nalongo alitoka kwake akiwa na ndoo. Ilikuwa na maji nusu, na alikuwa anatembea, hakimbii. Alifika akatazama upande wa kinamasi. Siku hizi huko ni maghorofa tu. "Lakini mimi sioni moshi," akasema.

Nikamwambia. Palepale, nimesimama na nyundo, nikamwambia yote, moja la kwanza na matatu niliyoyaficha, na yale magari yaliyopita, na kabalagala. Nilidhani ataitupa ile ndoo. Aliiweka chini taratibu, akakaa kwenye kiti changu.

"Na mimi naona moshi siku hiyo," akasema. "Naona na macho yangu. Nagusa lingi, naenda funga mulango."

Tukalia, vikongwe wawili, watu wanapita na mizigo yao. Baadaye akaniomba maji, nikamnywesha kutoka kwenye ndoo yake mwenyewe. Kisha akasimama akagusa ringi, maana alikuwa ameitwa na alikuja, na sheria ni sheria.

Ringi nimeamua ibaki na nguzo yake mpaka watakapokuja na mashine. Sitaiuza na sitaibeba. Ndoo yako ninakwenda nayo, Zaina anune asinune. Na nikifika Kisumu nitakaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, kama wanawake wengine. Unisamehe nimechelewa, na unisamehe kwamba naondoka kabla hujagusa. Sheria yako nimeishika kadiri nilivyoweza.

Ila nimepiga matatu. Yamechelewa, lakini yamepigwa, na Nalongo ni shahidi. Kwa hiyo huko uliko, wakikuuliza tena nani amekutuma, usiwajibu hakuna. Waambie ni mimi.

Mkeo, niliyeachiwa nyundo,

Mama Zaina